Waliopoteza nyumba wahitaji mshauri, si blanketi pekee

Kila mara mvua kubwa inapoleta maafa, msaada huja kwa namna ile ile: mablanketi, unga, maharagwe na mabati machache. Wakubwa hupigwa picha, malori huondoka, na familia iliyopoteza nyumba huachwa na swali ambalo hakuna aliyekuja kulijibu: Je, tujenge wapi sasa? Kwa maoni yangu, hilo ni swali la afya sawa na kipindupindu, na serikali za kaunti za Meru na Embu hazina budi kutafuta watu wa kulijibu.

Yafaa ikumbukwe kwamba maeneo haya yana hatari yake. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene vina udongo wenye rutuba, misimu miwili ya mvua na watu wengi. Shamba linapogawanywa baina ya wana, kila mmoja hukata ubavu wa mlima ili apate mahali pa kusimamisha nyumba. Udongo uliokatwa hivyo ukilowa kwa majuma kadhaa, huporomoka. Huko chini Mbeere, mito hufurika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitupa funzo, na mafuriko ya masika ya 2024, yaliyoua karibu watu 300 kote nchini, yakalirudia.

Madhara hayaishii kwenye matope. Watu wanane wakilala katika chumba kimoja cha kuazima, homa ya mapafu huwapata watoto kwanza. Choo kilichofurika huleta kuhara na homa ya matumbo. Mwenye shinikizo la damu au kisukari ambaye dawa zake zilisombwa hukaa bila kumeza. Kisha kuna maradhi yasiyoonekana: baba asiyepata usingizi kila mvua inapogonga mabati, na mtoto anayekataa kulala peke yake. Mnamo 2020 jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lakini ushauri nasaha hautamtuliza mtu ambaye hajui atalala wapi kesho.

Mshauri wa makazi ni mtu aliyefunzwa kuketi na familia na kuiongoza katika uamuzi mmoja baada ya mwingine. Je, mahali pa zamani pana nyufa ardhini, miti iliyoinama au chemchemi mpya? Ikiwa ndivyo, pasijengwe kabla ya mtaalamu kupakagua. Hati miliki ina jina la nani? Mara nyingi bado ni la babu aliyefariki, na familia italazimika kuanza na barua ya chifu na kesi ya mirathi kortini. Mjane anahitaji kuelezwa haki zake kabla ya shemeji kumfukuza. Naye mpangaji, ambaye husahauliwa kwa kuwa hana shamba, anahitaji msaada wa kupata chumba kingine. Nchini Marekani, wizara ya nyumba huidhinisha mashirika ya washauri wa namna hii, nayo huwasaidia pia waliokumbwa na vimbunga na mafuriko.

Wapo watakaosema kaunti hazina pesa. Hata hivyo, watu tunao. Mnamo 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, ambao kazi yao ni kutembelea nyumba kwa nyumba. Wachache katika kila wadi wakifunzwa kazi hii, na wakajua ni afisa yupi wa ardhi, wa ujenzi au wa afya ya akili wa kumwendea, gharama itakuwa ndogo kuliko kuzika watu na kugawa mabati kila msimu.

Nawe msomaji uliye mjini una sehemu yako. Wazazi wanapopatwa na maafa, wengi wetu hutuma pesa upesi ili nyumba isimamishwe pale pale kabla ya Krismasi. Tuulize kwanza kama pale pale ni salama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ukiwa ni wa mlima wenyewe, hata ukuta hautafaa kitu. Kuhama ndiyo dawa, na anayehama anahitaji wa kumwongoza.