Waya Uliozikwa Bado ni Waya

Wenzangu wengine wamekwisha pagawa. Eti gari la umeme litajichaji lenyewe barabarani, bila waya! Mimi nasema huo ni uongo. Waya upo, tena mwingi kuliko mwanzo, ila umezikwa.

Chukueni Mtaa wa 14, Detroit. Novemba 2023 Wamarekani walizindua pale barabara yao ya kwanza ya umma ya namna hiyo, robo maili tu, kama mita 400 hivi. Chini ya lami wamelaza koili za shaba. Umeme unaogeukageuka ukipita humo huamsha umeme mwingine katika koili iliyofungwa chini ya tumbo la gari. Uchawi hamna, Michael Faraday alikwisha lionyesha jambo hilo mwaka 1831. Lakini gari lisilo na koili yake linapita juu hivihivi, haliambulii kitu. Sasa niambieni, barabara ya wote imechimbwa kwa ajili ya nani?

Sigombani na mafundi. Mwaka 2013, mjini Gumi, Korea Kusini, waliweka mabasi yanayopokea umeme wa lami huku yanatembea, njia ya kilomita 24. Umeme uliovuka, kwa hesabu zao wenyewe, ulifikia asilimia 85 kwa wingi wake. Haya, hapo nakubali. Basi lina njia yake, halitangitangi, na likipunguziwa betri linabeba watu badala ya kubeba mzigo wake lenyewe. Lakini gari la mzito mmoja? Kuchomeka plagi ni nusu dakika! Tuchimbue mji ili mtu mzima na kitambi chake asiiname?

Na shaba haioti kama uyoga. Afrika nzima hakuna anayeishinda Kongo kwa kuichimba, kule Kolwezi na Likasi, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Wakongo walio wengi hawana umeme nyumbani, wa waya wala wa bila waya.

Mtaniita mpinga maendeleo. Niiteni. Nairobi mwenye bodaboda ya umeme anaingia kituoni, anaacha betri tupu, anachukua iliyojaa, huyoo! Lami haikuguswa. Mbona hilo hamlishangilii? Au kwa kuwa ni la bodaboda?

Anayetaka kunijibu aje na hesabu: koili ikifia chini ya lami, nani atalipia kuifukua?