Mchoro wa Bunduki Hauna Mwalimu

Nilimuua mtu akiwa usingizini, saa nane za usiku, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kibanda cha gemu Sinza. Alikuwa amelala kwenye kijumba cha mbao alichosahau kufunga mlango. Katika Rust, gemu ninayotaka kuisema hapa, ukizima kompyuta mwili wako hauondoki. Unabaki umelala pale ulipouacha, na anayepita anakufanya atakavyo. Nilimpiga kwa jiwe. Kwenye sanduku lake nikakuta bunduki ile ambayo wachezaji wote huiita AK, nikakimbia nayo gizani kama mwizi wa kuku, moyo ukinidunda kwelikweli.

Sikuitaka ili nipige mtu. Niliitaka ili niiharibu, maana ndivyo mtu anavyojifunza kule. Unaanza uchi, una jiwe na mwenge tu. Vitu vichache, kama upinde, unajua kuviunda tangu mwanzo. Vilivyobaki vimefungwa. Ukitaka kujua bunduki inaundwaje, njia niliyoijua mimi ni kuipata kwanza ikiwa nzima, ndani ya makasha yaliyotapakaa kwenye magofu au mikononi mwa maiti. Unaiweka kwenye meza ya utafiti pamoja na skrepa, unasubiri kidogo, bunduki inatoweka na mahali pake inatokea karatasi. Hiyo karatasi ndiyo mchoro. Unaibofya, nayo inatoweka. Tayari unajua. AK ilitaka skrepa 500, na pipa moja la kando ya barabara lilikuwa likinipa mbili. Piga hesabu uone nilivunja mapipa mangapi.

Jamaa yangu aliyekaa kiti cha kulia alikuwa akiujua mchoro ule tangu juzi yake. Tulikuwa bega kwa bega, tunakula chipsi sahani moja. Hakuweza kunifundisha. Angeweza kuniundia bunduki, au hata kunipa ya kwake, lakini alichokijua hakikuwa na njia ya kutoka kwake kuja kwangu mpaka na mimi nitoe skrepa zangu 500. Ugomvi wangu na gemu hii ulianzia hapo, ingawa ilinichukua miaka kuutambua.

Nianze kwa kukataa ugomvi usio wangu. Kuna wazee, na walimu, na wahubiri, wanaosema vijana wakicheza gemu za bunduki watakuja kuua watu. Siwaungi mkono. Nimecheza na vijana wengi pale kibandani na mtu mkali kuliko wote alikuwa yule wa draughts nje, anayepindua ubao akishindwa. Bunduki ya Rust haijanifanya nitamani bunduki. Kilichonikaa ni ile namna ya kujua: kwamba ujuzi ni mali, umo ndani ya kitu, na ukitaka kuupata unampora mwenye kitu kisha unakiteketeza.

Wanaoitetea wana hoja, tena si dhaifu. Wanasema kisichofungwa hakina ladha, na kwamba mchoro ulioupata kwa jasho unaupenda. Wanakumbusha kwamba watengenezaji wenyewe, Facepunch wa Uingereza, waliiondoa michoro mwaka 2016 wakaweka ngazi za kupanda kwa alama, zikawashinda mwaka huohuo, na mwaka 2017 michoro ikarudi. Watu waliitaka. Mimi mwenyewe niliitaka! Usiku ule karatasi ilipotoka mezani nilipiga kelele mpaka mwenye kibanda akaja kuangalia kama nimevunja kitu. Basi nakubali kwamba kufungua kunapendeza. Ninachouliza ni kwa nini jasho lote lile liwe la kupora na kusubiri, na lisiwe hata tone moja la kufundishwa. Rust imeweka njaa, baridi, mionzi, dubu, hata uvuvi. Kitu kimoja ambacho binadamu hakuwahi kuishi bila hicho hakimo, nacho ni mtu mwingine kukwambia, si hivyo, shika hivi.

Nina sababu ya kuchukia pengo hilo. Ndani ya Rust kuna bunduki ya bomba la maji, silaha ya maskini, ya risasi mojamoja. Niliijua kwa kuibofya. Nje ya Rust bunduki ya namna hiyo inaitwa gobore, na babu yangu mzaa mama aliiunda kwa mikono yake huko Ufipa.

Alikuwa mhunzi. Wafipa walifua chuma zamani kwa matanuru ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, na ingawa enzi zake matanuru yale yalikuwa yamebaki vichuguu porini, yeye bado alifua majembe, visu na mishale kutokana na chuma chakavu. Skrepa, kwa jina la leo. Gobore alilitengeneza kwa bomba la maji au la usukani wa gari kuukuu, kitako cha mninga, na mtambo mdogo wa kufyatua ambao nilikatazwa kuugusa. Alifundishwa na mjomba wake. Mwaka wa kwanza hakushika nyundo, alivukuta mivukuto tu. Mwaka wa pili akaruhusiwa kushika koleo. Mama alituhesabia miaka saba kabla mjomba mtu hajamwonyesha namna ya kuziba tako la bomba lisije kumlipukia mpigaji usoni. Hilo ndilo lilikuwa jambo zito kuliko yote kwenye gobore, na lilikuwa la mwisho kufundishwa.

Na lilikuja na masharti. Hakumuundia mtu asiyemjua baba yake. Hakumuundia aliyekuja na hasira. Aliyeuziwa aliambiwa mbele ya mashahidi kwamba ni ya ngedere na nguruwe wa shambani, na ikitokea imemuua mtu, watakaokwenda kwa mwenye bunduki watapita kwanza kwa mhunzi. Ujuzi wenyewe ulikuwa na wenyewe wa kuuliza. Sisemi alikuwa malaika. Kazi ile ilikuwa kinyume cha sheria, alijua, na kuna mmoja aliyemuundia ambaye hadi anakufa hakupenda atajwe mbele yake. Lakini aliweza kuona aibu kwa sababu alimjua aliyemfundisha na alimjua aliyemuundia. Mimi yule niliyempiga jiwe alikuwa jina tu juu ya kichwa, seva ipo Ulaya, na kesho yake sikulikumbuka hata herufi moja.

Serikali ilipotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha zisizo na kibali, mjomba alilipeleka gobore la mwisho la nyumbani ofisi ya kijiji. Wakati huo babu alishazikwa. Hakuna karatasi aliyoiacha. Sisikitikii bunduki ile, na sitaki mtu wa ukoo wangu aiunde tena. Ninachokisikitikia ni ile miaka saba.

Nitaambiwa kwamba gemu haiwezi kuwa shule ya uhunzi. Haiwezi, sawa. Lakini inaweza kuchagua. Subnautica ni gemu ya kunusurika kama Rust: chombo chako kimeanguka kwenye sayari ya bahari, na michoro ya vyombo imetawanyika sakafuni mwa bahari kwa vipande. Ili uujue mchoro unakikaribia kipande, unakimulika kwa kifaa cha mkononi, unakaa hapo huku pumzi ikiisha, kisha unatafuta kipande kingine. Hujamnyang'anya mtu. Kisu unacho. Bunduki ya kugandisha wanyama kwa muda ipo, haiui. Bunduki ya kuua haimo, na haikusahaulika. Aliyeiongoza, Charlie Cleveland, aliamua hivyo baada ya mauaji ya Desemba 2012 kwenye shule ya msingi ya Sandy Hook, Marekani, walipouawa watoto 20 na watu wazima 6. Hata yeye hakudai kwamba gemu huzaa mauaji. Hakutaka tu kuongeza bunduki nyingine duniani, hata ya kuchora. Mwalimu hayumo humo pia, lazima niseme ukweli, ila angalau kujua kunaanza kwa kuangalia kitu kilichovunjika.

AK yangu niliifaidi siku tisa. Rust hufuta ramani zake Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na mwenye seva yetu alikuwa akifuta na michoro pia. Nikaamka Ijumaa mjinga kama nilivyozaliwa, niko ufukweni, nina jiwe.

Sasa anaicheza mpwa wangu. Ana miaka 15 na ana kompyuta kwao, hahitaji kiti cha plastiki. Juni iliyopita nilimchukua tukaenda Sumbawanga, akalalamika njia nzima kwamba mtandao unakatika. Mjomba amezeeka, ila bado anafua majembe mawili matatu kwa msimu. Kijana alipoona mabomba yaliyoegeshwa ukutani macho yakamtoka, akaanza kumweleza mzee habari za bunduki ya bomba la maji, inataka nini, inapiga umbali gani, mezani inagharimu kiasi gani. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwonyesha mivukuto.

Baada ya dakika kumi shati lilikuwa limelowa mgongo mzima na makaa yalikuwa hayajawa mekundu sawasawa.

"Babu," akasema, "hii inafunguka baada ya muda gani?"

"Unavukuta vibaya," mjomba akamjibu, akaja nyuma yake akamshika mikono yote miwili. "Usisukume kwa bega. Hivi."