IJUE ARDHI YETU: Mawe ya Handeni na Korogwe ni mashahidi

Ukitembea Korogwe na Handeni utaona mawe yenye mistari. Mstari mweusi, mstari mweupe, kisha mweusi tena. Mengine yana punje nyekundu kama za komamanga. Sisi huyafanya mafiga na misingi ya nyumba. Lakini mawe hayo yana habari za kale. Leo tujifunze jinsi zinavyosomwa.

Mengi ya mawe hayo zamani yalikuwa uji wa moto. Chini sana ya ardhi kuna joto kali. Huko jiwe huweza kuyeyuka. Uji wake ukipanda na kupoa, huwa mwamba mgumu.

Uji huo hautokei kila mahali. Hutokea pale nchi kavu inapopasuka. Ndivyo ilivyo katika Bonde la Ufa, penye mlima Ol Doinyo Lengai uliolipuka mwaka 2007. Hutokea pia pale sakafu ya bahari inapozama chini ya ardhi nyingine. Ndivyo ilivyo Japani na Indonesia.

Je, mawe yetu yalitoka wapi? Fikiri juu ya mchuzi. Ukiuonja, unajua umetiwa nazi au karanga, hata kama hukumwona mpishi. Mtaalamu naye husaga jiwe na kupima vitu vilivyomo.

Sakafu ya bahari inapozama, huenda na maji. Maji hayo huyafanya mawe ya juu yake yayeyuke. Hubeba vitu vingi na kuvitia katika uji. Lakini kitu kiitwacho niobi hakibebwi kwa urahisi. Hubaki chini. Basi jiwe lenye upungufu wa niobi hutoa ushahidi kwamba huenda lilizaliwa penye bahari iliyokuwa ikizama.

Wataalamu wameikuta alama hiyo katika mawe ya milima ya mashariki ya Tanzania. Mawe hayo yamo katika Ukanda wa Msumbiji. Jina hilo lilitolewa na Mwingereza Arthur Holmes mwaka 1951. Wataalamu wanaeleza kwamba palikuwa na bahari, nayo ikafungwa. Nchi kavu za pande mbili zikagongana. Mawe yakasukumwa chini zaidi ya kilometa 30, penye joto la karibu nyuzi 800. Huko ndiko yalikopata mistari na punje nyekundu.

Hayo yalitokea lini? Ndani ya jiwe mna chembe ndogo ziitwazo zirkoni. Zina urani, ambayo hugeuka kuwa risasi polepole, kwa mwendo unaojulikana. Kwa kupima risasi hiyo, wataalamu wameona kwamba mgongano ulitokea kati ya miaka milioni 650 na 615 iliyopita. Kilimanjaro ni mtoto. Umri wake haujafika miaka milioni 3.

Habari hizi zina faida. Huko Magambazi, Handeni, dhahabu imechimbwa katika mwamba mweusi wenye punje nyekundu. Anayejua mwamba ulivyozaliwa na kugeuzwa anajua mahali pa kutafuta. Asiyejua huchimba mashimo ovyo, akaharibu shamba na kuhatarisha maisha yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona jiwe la ajabu, usiliokote na kuondoka tu. Andika lilipokuwa: kijiji, kilima au mto. Andika pia kama lilikuwa sehemu ya mwamba au limeletwa na maji. Jiwe lisilojulikana lilikotoka ni kama shahidi asiye na ulimi. Wewe sasa unajua kuandika. Mtaalamu akifika kijijini, maandishi yako yatamwonyesha njia.

Maswali ya kujadiliana:
1. Uji wa mawe hutokea mahali pa namna gani?
2. Niobi kidogo katika jiwe inatuambia nini?
3. Katika kijiji chenu, mawe yenye mistari yako wapi?