Kosa Si la Dereva

Wanachama wengi wametuuliza, barazani na njiani, lori la Chama lilipatwa na nini hata likafa katikati ya mavuno ya mwaka jana, karafuu zikabaki kambini siku sita huku mvua ikinyesha. Jibu walilopewa na Kamati, nasi tukalitia saini kwa mkono wetu, ni kwamba dereva hakulitunza. Kwa ajili hiyo dereva amesimamishwa kazi tangu Novemba, na mkutano wa mwezi ujao ndio utakaoamua afukuzwe ama arudishwe. Leo twataka kusema, kabla ya mkutano huo, kwamba jibu lile halikuwa kweli, na twaomba wanachama watusome hadi mwisho kabla ya kutukasirikia.

Sisi ndio tushikao daftari la gari. Dereva huandika kilomita, nasi hutoa fedha za dizeli, matairi na oili. Sheria tuliyoiweka wenyewe ni kubadili oili kila kilomita 5,000, na twakumbuka tulivyojivuna nayo, maana tuliona hivyo ndivyo wanavyofanya wenye magari ya abiria mjini. Lori letu, tangu oili ile ilipotiwa hata siku ya kufa kwake, lilikuwa limekwenda kilomita 3,400 tu. Kwa hesabu yetu lilikuwa lina haki ya kwenda nyingine 1,600. Ila hizo 3,400 zilichukua miezi 19, na hilo hatukulihesabu.

Katika mwezi wa Juni mwaka huu tulikwenda Sumbawanga kumtazama ndugu yetu aliyekuwa mgonjwa. Mpemba, kama mjuavyo, hata ukifika mwisho wa dunia utamkuta amekwisha fungua duka, na huyu amekaa Ufipa yapata miaka ishirini, akiuza vyombo na kuchukuza mahindi ya watu kwa lori lake la tani nne. Mji huo umekaa juu ya uwanda, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Barabara ya lami itokayo Tunduma imeuleta karibu kuliko zamani, lakini lami haikupunguza baridi. Juni na Julai watu huvaa makoti hata jua likishapanda, nasi tuliokwenda na kanzu na shuka moja tulijuta. Yasemwa jina la mji huo maana yake ni "tupa uchawi." Tulicheka tuliposikia hayo, kwa kuwa mwanachama mmoja wa hapa kwetu alikwisha apa kwamba lori la Chama limetiwa mkono.

Basi siku ya tatu tulimkuta ndugu yetu gerejini, uso umemsawijika. Lori lake lilikuwa limewasha taa nyekundu ya oili, kisha likaanza kugonga. Fundi, mzee wa Kifipa mwenye maneno machache, alikuwa amefungua kifuniko cha juu cha injini, na badala ya chuma kinachong'aa kwa mafuta tuliona tope jeusi limeganda kila mahali kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Chini ya mdomo wa kutilia oili palikuwa na povu la rangi ya maziwa ya chai. Alipoteremsha bakuli la oili lililo chini ya injini, lile chujio ambalo pampu hufyonzea lilikuwa limezibwa, limebaki tundu la kupita kidole kimoja.

Ndugu yetu akasema, "Mzee wangu, gari hili halina kazi kubwa. Kutoka mashine ya kusaga mpaka ghalani hazitimu kilomita tano."

Mzee akamjibu, "Ndiyo ugonjwa wake, mwanangu. Gari hili halijapata joto tangu ulinunue."

Maneno hayo ndiyo tuliyorudi nayo, na yataka kufafanuliwa. Dizeli inapoungua hutoa maji. Kila lita moja ya dizeli huacha karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Mengi hutoka kwa bomba la moshi, lakini kiasi hupenya pembeni mwa ringi za pistoni, pamoja na masizi na dizeli isiyoungua, na kushukia katika oili. Injini ikiwa moto sawasawa kwa muda wa kutosha, maji hayo huchemka yakatoka kwa bomba la kupumulia. Injini ikiwa baridi hubaki humo, yakachanganyika na oili na masizi, na siku zikipita mchanganyiko huo huwa tope. Oili huwa na dawa ndani yake ya kushika uchafu na kuua ukali wa asidi, lakini dawa ile ina kipimo. Ikiisha, uchafu huanguka na kuganda. Na oili haipati joto upesi kama maji ya rejeta. Mshale ukionyesha kwamba maji yamekwisha pata moto, oili bado iko nyuma, yataka dakika nyingi zaidi za mwendo wa kazi. Safari ya kilomita tano humalizika kabla ya wakati huo.

Wako wasemao dawa yake ni kuiwasha injini asubuhi na kuiacha ingurume nusu saa. Hilo ni kosa juu ya kosa. Injini ya dizeli isiyo na mzigo haipati joto la maana, huzidi kutia masizi tu. Lori la ndugu yetu lilikuwa likinguruma hivyo kila alfajiri, kisha tena katika foleni ya mizani.

Mzee yule akatuonyesha jambo jingine, nalo ndilo lililotukosesha usingizi. Alifungua mahali pa themostati, akakuta patupu. Themostati ni kidude kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, aghalabu kiasi cha digrii 80 au kupita kidogo. Fundi fulani wa pwani alikitoa zamani akasema nchi za joto hazina haja nacho. Kwa hiyo lori lile lilikuwa likipanda na kushuka Ufipa kwenye baridi ile huku maji yote yakipita rejeta tangu dakika ya kwanza. Mzee akatukumbusha kwamba wazee wao walikuwa wakiyeyusha chuma kwa tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zenye kimo cha kupita mtu, zikijivutia upepo zenyewe bila ya mivuo. Tanuri isiyoshika joto, alisema, haikupi chuma, hukupa takataka.

Tuliporudi kisiwani hatukwenda nyumbani kwanza. Tulikwenda uwanjani lilipo lori la Chama, tukamwita fundi, tukafungua. Tope lilikuwa lile lile. Na mahali pa themostati, enyi wanachama, palikuwa patupu vile vile. Kilitolewa kabla dereva huyu hajaajiriwa.

Tumeambiwa kwamba Pemba si Ufipa, hapa hapana baridi. Ni kweli, na kama lori letu lingekuwa Sumbawanga lingekufa mapema zaidi. Lakini injini haishindani na hewa, yashindana na kipimo chake cha kazi. Toka digrii 30 za hapa mpaka 80 ni mbali kwa gari litokalo kambini hadi kituo cha kuuzia, likazimwa, likapakuliwa, likawashwa tena. Tena sisi tuna dhambi ambayo wenzetu wa Ufipa hawana: msimu ukiisha lori hulala miezi, na oili chafu yenye maji na asidi ndani yake, ikizila beringi polepole. Huwa twabadili oili msimu ukianza, kwa kuona ndio wakati wa kazi. Ilitupasa kubadili msimu unapokwisha, kabla ya kulilaza.

Vitabu vya wenye viwanda vimesema haya, ila nani husoma kitabu cha gari? Humo huandikwa kwamba safari fupi fupi, vumbi na kunguruma bila kwenda ni kazi ngumu, na muda wa oili hupunguzwa. Tena huandikwa kilomita ama miezi, lolote litakalotangulia. Sisi tulishika kilomita, tukaacha miezi. Wala si wakulima wa karafuu peke yao walioharakisha kumlaumu mwendeshaji. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenye magari ya Toyota ya petroli ya miaka ya 1997 hadi 2002 walipolalamika kwamba injini zimejaa tope, waliambiwa kwanza kwamba hawakubadili oili kwa wakati. Katika mwaka 2002 kampuni ikakubali kurefusha dhamana kwa magari yapatayo milioni 3.3. Wakubwa wameweza kurudi nyuma, basi na sisi tutaweza.

Sasa yako maneno ya fundi mmoja wa hapa, naye ni mtu mwema, atakaye kumimina mafuta ya taa ndani ya injini, aiwashe dakika kumi, amwage, iwe imesafika. Twaomba Kamati imkatalie. Tope kongwe halifumuki kama sukari. Hubanduka vipande vipande, na kipande kimoja kikitosha kuziba chujio, oili haifiki kwenye krenki, na injini iliyokuwa mgonjwa huwa maiti. Mzee wa Sumbawanga aliteremsha bakuli, akakwangua kwa kibao cha mti, akaosha chujio na kifuniko kwa dizeli nje ya gari, akakausha, akarudisha na themostati mpya. Kisha akatia oili mpya ya dizeli na filta mpya, akaamuru zimwagwe baada ya kilomita 500, na tena baada ya nyingine kiasi hicho, ili dawa iliyo katika oili ilegeze mabaki kidogo kidogo. Beringi alizikagua kabla ya yote, maana zikiwa zimelika hakuna oili itakayozirudisha. Za ndugu yetu mbili zilibadilishwa. Zetu bado hazijakaguliwa, na ndiyo kazi ya kwanza.

Oili ya dizeli kuwa nyeusi si dalili mbaya. Huwa nyeusi siku chache tu baada ya kutiwa. Itazameni uzito wake, na chini ya kifuniko. Na kijiti cha kupimia kikitoka na rangi ya maziwa, na maji ya rejeta yanapungua, hilo si tope la safari fupi, huenda ni gasketi ya silinda hedi imepasuka, na gari lisitiwe ufunguo mpaka fundi alione.

Twaishauri Kamati oili ya lori ibadilishwe kila miezi mitatu wakati wa mavuno bila ya kutazama kilomita, na mara moja zaidi kabla ya kulilaza. Na mara moja kwa juma lipewe safari moja ndefu yenye mzigo, hata ikiwa ni kuunganisha mizigo ya kambi mbili kwa safari moja. Gharama yake ni ndogo mbele ya karafuu za siku sita zilizonyeshewa.

Ama dereva, tumefungua daftari tukaona yafuatayo. Mara tatu ameandika kwa kalamu yake kwamba oili imekuwa nzito na anaomba ibadilishwe. Chini ya kila ombi pana neno moja, "Subiri." Mwandiko ni wetu.

Tumekwenda nyumbani kwake kumwambia haya. Alitupokea vizuri, akatutilia chai, hakusema mengi. Mkewe ndiye aliyeuliza mishahara ya tangu Novemba italipwa na nani. Hatukuwa na jibu, nalo ni swali tutakaloliweka mbele ya mkutano pamoja na la kumrudisha kazini. Daftari liko ofisini, na kurasa hizo tatu zimetiwa alama ya karatasi. Mwanachama atakaye kuziona aje siku yoyote ya kazi baada ya saa tatu asubuhi.