Makanisa Yenu Yanajaa?



Tangu turudi kutoka Hispania, kila tunakopita Nyakato tunaulizwa maswali matatu: kuna baridi? Wanakula nini? Na je, ni kweli Wazungu wameacha kusali? Mawili ya kwanza yanajibika haraka. Julai huko ni joto, na jua linazama karibu saa nne usiku. Wanakula mkate karibu kila mlo, na tortilla yao ni mayai na viazi, ndugu wa damu wa chipsi mayai zetu. Swali la tatu ndilo lililotufanya tuandike.

Tulikuwa mafrateri watatu, wageni wa familia za parokia moja karibu na Pamplona, mkoani Navarra, ambazo zilitulipia nauli. Tulitegemea kukuta watu wa haraka. Tukakuta chakula cha mchana kinaliwa saa nane au saa tisa, maduka mengi yamefungwa, na baada ya kula hakuna anayeinuka. Kukaa huko mezani wamekupa jina, sobremesa: sahani ni tupu, lakini mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Jioni wazee wa kijiji walitoa viti nje ya milango, wakaongea mpaka giza likaingia. Tuliona aibu kidogo, maana kwetu siku hizi mtu anajenga ukuta na geti hata kabla ya kuezeka nyumba.

Jumapili tulikwenda Misa. Kanisa ni kubwa, la mawe, na waamini walijaza mabenchi machache ya mbele, karibu wote wenye mvi. Padre alisalimia watu, kisha akaondoka kwa gari kuwahi Misa ya kijiji kingine.

Siku hiyo mezani, bibi mwenyeji wetu akauliza: "Wanangu, makanisa yenu yanajaa?"

Tulijibu kwa haraka, tena kwa majivuno: yanajaa, bibi, wengine wanasimama nje. Mmoja wetu akaongeza kwamba siku si nyingi tutakuja kuwainjilisha. Bibi akatabasamu. "Hata letu lilijaa," akasema. "Nilipokuwa msichana, asiyeonekana Jumapili alisemwa kijiji kizima. Lilijaa, lakini sijui ni wangapi walikuja kusali." Alikulia chini ya utawala wa Franco, uliodumu hadi mwaka 1975, wakati serikali na Kanisa vilikuwa vimeshikana mikono. Hofu ilipoondoka, wengi waliondoka nayo.

Kesho yake walitupeleka kwenye ngome ya Javier, yapata kilomita 50 kutoka Pamplona, alikozaliwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri mwaka 1506. Huyu ndiye msimamizi wa parokia ya Nyakahoja hapa Mwanza. Wengi wetu hatukumbuki kwamba alikanyaga pwani yetu. Mwaka 1542, akiwa safarini kwenda India, alishuka Malindi. Katika barua aliyoandika kutoka Goa mwaka huohuo, anasimulia kwamba mzee mmoja Mwislamu wa mji ule alimuuliza kama Wakristo kwao wanakwenda kusali, kwa sababu Malindi ilikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakienda mitatu tu, tena wachache. Mzee alihuzunika na alitaka kujua sababu. Fransisko akamjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini.

Tunampenda mtakatifu huyu, lakini jibu hilo halikumsaidia mzee. Tangu tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, Kanisa linatufundisha kuwaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Kilichotuchoma zaidi ni kwamba sisi tulikuwa tumemjibu bibi vilevile: kwa kuhukumu. Tena tulihukumu watu ambao taifa lao limeongoza duniani katika kuchangia viungo kwa wagonjwa kwa zaidi ya miaka 30. Benchi tupu halimaanishi kwamba upendo nao umekwisha.

Katika falsafa tunafundishwa kutochanganya dalili na chanzo. Kanisa kujaa ni dalili. Chanzo chake ni nini? Hapa kwetu tumewasikia waamini wakisema wazi: "Naenda jumuiya nisije nikakosa wa kunizika." Tumewaona vijana wakihudhuria mafundisho kwa bidii, wakapata Kipaimara, wasionekane tena. Na sisi mafrateri tujiulize pia: siku heshima ya kuitwa "frateri" ikiisha, tutabaki? Anayekuja kwa kuogopa mazishi anafanana sana na yule wa kijiji cha bibi aliyekuja kwa kuogopa kusemwa.

Maoni yetu ni haya. Viongozi wa jumuiya waache kutumia mazishi kama fimbo. Mgonjwa atembelewe akiwa hai, hata kama daftari la mahudhurio halimjui. Waliopokea Kipaimara watafutwe majumbani, wakae na mtu mzima wa kuwasikiliza bila haraka, kama walivyotukalisha sisi mezani kule Navarra. Na frateri atakayebahatika kusafiri asirudi na picha tu za kujionyesha kwenye simu.

Bibi yule bado anatuandikia. Tumemjibu upya: makanisa yetu yanajaa, bibi, na tumeanza kuulizana kwa nini. Utuombee.