Pindua Kigae Kwanza, Lawama Baadaye

Na Mwende Nzioka

Kila Januari, wageni wa Nairobi wakisharudi kazini, malalamiko ni yale yale kuanzia Wote hadi Mwingi: vigae vimeanza kubanduka. Sebule iliyotandazwa Novemba ili jamaa waikute iking'aa Krismasi, sasa inalia kama debe tupu mtu akipita na viatu. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi anailaumu gundi, na mwenye hadiwea anaapa kwamba gundi yake haina kasoro. Mimi naona hao wote wanagombania mambo ya siku ya mwisho. Vigae vingi huharibika wiki kadhaa kabla mfuko wa gundi haujafunguliwa, siku ile sakafu inaponyimwa maji na muda.

Kabla ya kupelekana kwa chifu, ng'oeni kigae kimoja mkipindue.

Mgongo wake ukiwa msafi, na kwenye sakafu ile mistari ya mwiko wa meno ikiwa bado imesimama vile ilivyochorwa, basi gundi ilishika ngozi kabla kigae hakijawekwa. Gundi ya kawaida hupewa takriban dakika 20 tangu itandazwe, lakini muda huo ulipimwa katika chumba cha maabara chenye nyuzijoto 23. Nyumba ya Kibwezi isiyo na vioo, upepo mkavu ukipenya kila dirisha, haiwezi kukupa dakika hizo zote. Fundi atandaze eneo dogo, kama mita moja ya mraba, na aguse kwa kidole kila mara. Isiponata kidoleni, aikwangue na kuitupa. Anayeongeza maji kwenye karai ili kuilainisha gundi iliyoanza kukauka anaiharibu kabisa.

Ukikuta gundi imeng'ang'ania kigae lakini imebeba unga wa sakafu, kosa si la gundi. Ilishika vizuri, ila ilishika vumbi. Kwaruza sakafu kwa msumari: ikitoka unga, hakuna gundi ya bei yoyote itakayokuokoa.

Ukikuta mabonge matano, manne pembeni na moja katikati, huyo fundi alikuwa anabana matumizi. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 kilichokalia mabonge kina mashimo chini yake, na siku mguu wa kitanda utakapokanyaga shimo, kitapasuka. Vigae vikubwa hutaka gundi ipakwe sakafuni na pia mgongoni.

Ukikuta uji wa simiti tupu, umeangukia mazoea ya zamani. Vigae vya kauri vya zamani vililowekwa kwenye karai, vikanywa maji, na simiti ikapata pa kushika. Kigae cha poseleni hakinywi hata nusu asilimia ya uzito wake, kwa hivyo uji huo hukauka ukabaki pembeni yake kama mgeni. Na vikiinuka vingi kwa pamoja katikati ya chumba vikiegemeana, fundi alivibananisha bila nafasi. Vigae hutanuka kwa joto. Acheni milimita mbili au tatu kati ya kigae na kigae, na kama kumi ukutani, ambazo zitafichwa na vigae vya pembeni.

Sasa nirudi kwenye maji, maana hapo ndipo Ukambani tunapojiponza. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba. Anayetaka nyumba iwe tayari kwa Krismasi humwaga sakafu Septemba, mito ikiwa mchanga mtupu na punda wakipanga foleni kisimani. Simiti inahitaji kulowa walau siku saba ili ikomae. Lakini mtungi wa lita 20 unapouzwa kwa bei ya kuumiza, mwenye nyumba huona kumwagilia sakafu ni kupoteza maji ya kunywa. Anainyunyizia jioni moja, na siku ya tatu anampigia simu fundi wa vigae. Sakafu hiyo ikikwaruzwa hutoa unga.

Wengine huchota maji ya kisima cha chumvi, ambayo hata ng'ombe huyakunjia uso. Kanuni ya wajenzi ni fupi: maji usiyoweza kunywa, usichanganyie simiti. Chumvi hiyo hujitokeza baadaye kama madoa meupe kwenye grauti.

Na mchanga? Mito yetu imejenga Nairobi kwa miaka mingi, hadi Makueni ikatunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Ni aibu kwamba malori yanaondoka na mchanga safi huku sisi wenyewe tukimwaga sakafu kwa mchanga wa korongo uliojaa tope. Tia mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Tabaka la tope likiwa nene juu ya mchanga, rudisha huo mzigo.

Simtetei kila fundi. Wapo wanaojiita mafundi kwa sababu wamenunua mashine ya kukata. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi, na si kosa kumwuliza mtu cheti chake kabla hujampa ufunguo. Lakini tunawalipa kwa mita ya mraba, halafu tunashangaa wakikimbia. Fundi anayelipwa kwa mita hapati senti kwa kufagia vumbi, kulowesha sakafu iliyokauka au kutupa gundi iliyoshika ngozi. Mapatano yenyewe yanamfundisha kulipua kazi.

Kwa hivyo badilisheni mapatano. Maji ya kumwagilia sakafu yaingie kwenye bajeti pamoja na simiti, na mkikosa maji Septemba, ahirisheni vigae hadi mwaka mpya. Wageni wa Krismasi hawajawahi kukataa wali kwa sababu ya sakafu ya simiti. Maandalizi ya sakafu yalipwe kando. Siku ya kwanza ya kazi, mwambie fundi ang'oe kigae alichotoka kukiweka: gundi ikiwa haijaenea mgongo mzima, mrekebishane hapo hapo. Sehemu ya mwisho ya malipo isubiri wiki mbili, kisha mpite pamoja mkigonga kwa mpini wa mwiko. Chenye mlio tupu lakini kimekaza na hakina ufa, kiacheni. Kinachocheza kitolewe, gundi ya zamani ichongwe yote, na kirudishwe kwa gharama ya aliyekosea. Kama sakafu ndiyo iliyotoa unga, gharama hiyo ni ya mwenye nyumba.