Ukali si ladha, na mama mkimbizi si adui

Kwenye vibanda vya pombe vya Bunia, Beni na Butembo kuna neno linalorudiwa kila jioni: pombe nzuri ni ile inayoshika haraka. Muuza kanyanga anajisifu kwamba yake inawaka moto. Muuza vichupa vya plastiki anaonyesha karatasi yenye rangi kali iliyobandikwa nje. Na siku hizi vijana wenye simu wameleta hoja mpya: hata Wazungu wanakunywa bia ya digrii 14, tena wanaipanga foleni, sasa kwa nini mkimbizi aulizwe juu ya glasi yake ya kaikpo?

Hoja hiyo inafaa kujibiwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Bia hiyo ipo. Moja inayojulikana sana inaitwa Bourbon County Stout, ya kiwanda cha Goose Island katika mji wa Chicago, Marekani. Ni bia nyeusi, imetengenezwa kwa shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi kama kahawa. Ikishaiva haipelekwi sokoni. Inamiminwa katika mapipa ya mti wa mwaloni yaliyokwisha kubeba wiski ya bourbon. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, basi pipa likishatumika mara moja halirudi kwenye kazi ile ile. Watu wa bia wanalichukua. Bia inalala humo karibu mwaka mzima, inanyonya mabaki ya wiski yaliyobaki ndani ya mbao, inachukua harufu ya mti uliochomwa, na digrii zake zinapanda.

Wanaoionja hawaimimini kooni kama mtu anayezima moto. Chupa moja ya nusu lita inagawanywa na watu watatu au wanne, kila mmoja glasi ndogo, na haiwekwi baridi sana, maana baridi inaua harufu. Kwanza wananusa. Wanasema inanukia chokoleti, vanila, sukari iliyoungua. Kisha tone kidogo ulimini, na joto linashuka kifuani polepole bila kuchoma. Harufu ile ya vanila inatoka kwenye mbao, na ile ya chokoleti kwenye shayiri iliyokaangwa. (Vanila na kakao zenyewe zinalimwa Beni na Mambasa. Wenye mashamba wengi wako kambini, na kakao yao imeiva msituni ikingoja mwizi.)

Hesabu nayo inafaa kufanywa. Chupa ya bia ya kawaida ya sentilita 72, yenye digrii 5, ina mililita 36 za alkoli. Glasi ndogo ya sentilita 10 ya ile bia ya Chicago ina 14. Kichupa cha plastiki cha mililita 200, kama kweli kina digrii 40, kina 80. Basi kijana anayemaliza vichupa viwili kabla ya saa sita ya mchana amekunywa zaidi ya bia kubwa nne, na tumbo lake halijaona ugali. Huyo ndiye anayejilinganisha na mwonjaji wa Chicago!

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye digrii. Iko kwenye kujibu. Baadhi ya chupa za Bourbon County za mwaka 2015 ziliingiwa na bakteria zilizoharibu ladha. Hazikuua mtu, ziligeuka kuwa na uchachu tu. Kiwanda kilikubali kosa, kikarudishia wanunuzi pesa zao, na baadaye kikaanza kuipasha bia moto ili kuua vijidudu kabla ya kuiuza. Kiliweza kufanya hivyo kwa sababu chupa ilikuwa na jina la mtengenezaji na tarehe. Sasa mjane wa Bunia ambaye mume wake aliamka haoni, baada ya kunywa kichupa kisicho na jina, atakirudisha kwa nani? Kwa butiki? Mwenye butiki alinunua kwa mwenye depo, mwenye depo alinunua kwa dereva, na dereva alishavuka mpaka.

Hata pipa lenyewe linafundisha kitu. Pipa la Chicago linajulikana lilibeba nini kabla. Bidoni ya njano inayobeba kanyanga sokoni ilibeba nini? Mafuta ya gari? Dawa ya shamba? Hakuna anayeuliza, kwa kuwa wanunuzi wameridhika na kipimo cha moto. Wanamwaga kidogo kwenye kisoda, wanawasha kiberiti, ikiwaka wanasema ni safi. Kipimo hicho kinaonyesha ukali tu. Methanoli, ile sumu inayopofusha na kuua, nayo inawaka, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Mahindi au muhogo peke yake unatoa methanoli kidogo sana. Hatari inaingia pale mfanyabiashara anapochanganya alkoli ya viwandani ili vichupa vyake vishike haraka kuliko vya jirani. Na dalili zinaweza kuchelewa: mtu analala vizuri, kesho yake anaona ukungu, kichwa kinamuuma, anatapika, anahema mbio. Jamaa wanasema ni mning'inio, wanampa maji ya ndimu na kumwacha alale. Saa hizo ndizo za kumkimbiza hospitali.

Na wakubwa wanafanya nini? Wanapanga operesheni ya kumwaga mitungi. Wanaingia kambini asubuhi, wanapindua chungu cha mama aliyekimbia Djugu au Irumu na watoto watano, wanamtoza faini, wanaondoka. Baada ya siku chache chungu kingine kiko motoni, kwa sababu shamba lake liko mbali na lina watu wenye silaha, na mtoto amefukuzwa shuleni kwa kukosa makuta. Hakuna anayesema kazi yake ni nzuri. Unga uliopaswa kuwa ugali unaingia kwenye pombe, watoto wanalala karibu na moshi, na walevi wanapigana mbele ya kibanda cha turubai. Mama mwenyewe anayajua hayo kuliko afisa anayempigia kelele. Lakini anajulikana jina, anajulikana kibanda, na mteja akiumwa jirani wote watamwendea yeye. Amejibu mara nyingi kuliko mwenye depo, ambaye malori yake yanashusha katoni barabarani mchana kweupe na hakuna mtungi wake unaomwagwa.

Tanzania ilipiga marufuku viroba mwezi Machi 2017. Uganda ikafuata na vifuko vyake mwaka 2019. Walianza juu, kwa anayetengeneza na anayeingiza. Huku operesheni inaanzia chini kabisa, kwa yule asiye na wakili wala namba ya simu ya mkubwa. Kama viongozi wa mji na wa mkoa wanataka kweli kulinda vijana, barabara ya kwenda kwenye depo wanaijua. Waende wakaulize kichupa kimoja kimoja: kimetengenezwa wapi, na nani, kina digrii ngapi. Kisichojibu kishushwe kwenye rafu na katoni yake yote, na faini ilipwe na mwenye katoni.

Mama wa kambini naye apewe mbegu na kipande cha ardhi kilicho salama. Halafu, akirudisha chungu motoni, ndipo waje kumuuliza.